Kabla Hujasema Picha Imeganda

Ninyi mnaokata picha kwenye simu huku mdomo ukitafuna sambaza, wale dagaa wa ziwani, hebu sogeeni karibu. Macho yangu yamestaafu kabla yangu, na miwani hii ni ya kuwatambua wajukuu tu, lakini kichwa bado kinachemka, na yapo mambo ya montaji, kazi ya kukata na kuunganisha picha, ambayo hata mkiiuliza simu haitawajibu. Nasikia mkipata shida mnazima mashine na kuiwasha tena. Sawa, hata mimi nilianzia hapo. Ila ikikataa nawaona mnaanza kulia, mnafuta programu nzima na kuiweka upya, na bibi arusi wa watu anangoja picha zake mpaka anapata mimba ya pili.

Mimi ni Mama Neema. Nilikuwa na studio yangu Majengo, chumba cha mbao juu ya mawe ya volkano, na humo nilikata arusi, ubatizo, matanga, kwaya za kila parokia, na filamu za mashirika ambazo lazima mtoto anywe maji mwishoni. Vita vilipokuja tulifunga, vilipotulia tukafungua. Watu wa Goma wanajua kufunga na kufungua.

Kazi nilifundishwa na Papa Ladislas. Yeye alikuwa fundi wa redio aliyehamia kwenye kompyuta na bisibisi yake ileile. Alikuwa mwepesi wa hasira, na alivaa koti hata jua likichoma. Nikilalamika kwamba kioo kimekuwa cheusi, hakuuliza programu gani wala toleo gani. Alisema, "Mama Neema, waya uliangalia? Hapana. Donc unanisumbua juu ya nini?"

Nilimcheka mpaka siku ya saluni. Jirani yangu ukutani alikuwa na saluni ya kusuka, nasi tulikubaliana niweke kwake kioo changu cha pili, waya upite kwenye tundu la ukuta, wateja wake waone arusi nilizokwisha kutengeneza. Matangazo, si ndiyo? Asubuhi moja nafungua kazi, sauti inacheza vizuri, lakini dirisha la kutazamia ni jeusi tii. Nikabadilisha hiki, nikafuta kile, nikaitukana kadi ya picha na ukoo wake wote. Wakati huo kule saluni wanawake wanacheka mpaka mbao zinatikisika. Nikaenda kuwaambia wapunguze kelele, mimi nina shida. Nikakuta arusi yangu, haijakatwa, inacheza kwao kwa upana wa kioo kizima, na mjomba wa bwana arusi yuko anapanga sahani tatu za nyama chini ya kiti. Programu ilikuwa inatuma picha kwenye kioo cha pili. Haikuwa na kosa lolote, masikini. Tangu hapo, dirisha likiwa jeusi na sauti ipo, kwanza naitafuta picha imekwenda kwa nani.

Jambo jingine ni sahani nyeupe. Mtaingia kwa mtu wa montaji mkute sahani nyeupe imesimama kando ya kioo, msimwulize anakula nini. Kioo kikizeeka kinakuwa cha njano, na wewe unakizoea kama unavyozoea moshi wa jikoni kwako. Unaona watu wote wana njano, unawaongezea bluu uwaponye. Mimi niliiponya kwaya nzima namna hiyo. Walipoiona kwenye televisheni ya parokia, waimbaji wote walikuwa na midomo ya watu waliovuliwa ziwani. Mama kiongozi wa kwaya alikuja na wenzake wote wa sauti ya kwanza, wakaniimbia malalamiko. Papa Ladislas akacheka mpaka akavua koti, kisha akaleta sahani ya nyumbani kwake. "Macho inadanganyaka," alisema. "Sahani haidanganyake." Ukiona sahani ni nyeupe na ile shela ya kwenye kioo si nyeupe, rekebisha. Ukiona hata sahani imekuwa ya njano, nenda ukalale.

Na vumbi, jamani. Vumbi la kwetu si vumbi la watu wengine. Ni jeusi, lina meno, linatoka kwenye mawe ya mlima na kuingia kwenye feni ya mashine kama limealikwa. Mashine ikishiba vumbi inapata joto, ikipata joto inapunguza mwendo, na picha inaanza kuruka. Bibi arusi anaingia kanisani kwa mikurupuko kama panzi. Mnasema programu mbaya. Fungueni kifuniko, pulizeni, ila kwanza shikeni ile feni kwa kidole isizunguke ovyo, na vaeni kitambaa puani. Kisha shusheni ubora wa kutazamia, nusu au robo, kwani hapo mnatazama tu, hamjamwuzia mtu. Bado inaruka? Tengenezeni nakala nyepesi, mkate hizo, na zile nzito zirudi mwishoni. Bado? Futeni kashe, ile akiba ya muda ambayo mashine inajiwekea kama bibi anayeficha sukari mpaka inajaa sisimizi.

Ikifika picha inaganda kabisa, Papa Ladislas alikuwa na swali moja tu: inaganda mahali palepale, au popote? Ikiganda popote, mashine ndiyo mgonjwa. Ikiganda palepale, na ukiipeleka kwenye mashine nyingine ikaganda palepale tena, basi faili limeoza, usipoteze usingizi. Hiyo ndiyo sheria niliyoifuata maisha yangu yote, na iliniletea heshima. Ila mara moja karibu inichongee, na ndiyo hiyo hasa niliyowaitia.

Kabla vita havijafika mjini, Papa Ladislas alipanda pikipiki mpaka mji wa Kiwanja, huko Rutshuru, kupiga picha za arusi. Bibi arusi aliitwa Masika, binti wa kwanza wa Papa Paluku, mkulima wa maharage pale. Akarudi, akanipa picha, nikazimwaga kwenye diski yangu kubwa, halafu akahamia Butembo kwa watoto wake. Sijaanza hata kuzikata, barabara ya Rutshuru ikafungwa na watu wakaanza kushuka na magodoro kichwani.

Zamu yetu nayo ikafika. Risasi zilipokaribia, Majengo nzima ilitoka kuelekea barabara ya Sake. Mwenye mbuzi alichukua mbuzi, mwenye cherehani alichukua cherehani. Mimi nilichukua diski, nikaiviringisha katika blanketi, nikaifunga mgongoni kwa kitenge ili isitikisike, maana diski ikigongwa ndiyo kwaheri. Njia nzima watu walinipisha. "Mupishe mama, ana mutoto." Nami nikanyamaza, nikapita. Jioni ikaanza mvua, na tulipofika kambi ya wakimbizi ya Mugunga mama mmoja akanivuta chini ya hema lake la plastiki, akanipa nafasi kavu yenyewe, akakaa yeye palipovuja. Akachungulia mgongoni kwangu.

"Mutoto yako iko analala sana, mama. Hata haliake?"

"Huyu halii."

"Anaumwa? Tumuone."

Ningefanyaje? Nikafungua kitenge. Yule mama akaiangalia diski, akaniangalia mimi, akacheka mpaka wenye hema la jirani wakaja kuuliza kuna nini. Nilimweleza kwamba humo mna arusi za watu, za huku na huku, hata moja ya Kiwanja. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kiwanja kwa nani?"

"Kwa Papa Paluku. Binti yake Masika."

Huyo ndiye alikuwa Mama Masika. Walikuwa wamekimbia kutoka Kiwanja na nguo walizovaa, na mumewe, Papa Paluku mwenyewe, ugonjwa ulikuwa umemchukua palepale kambini mvua za kwanza. Mama huyo hakuwa na picha ya mumewe hata ya kadi ya uchaguzi. Akaiomba diski, akaipakata, nayo ikalala kwake siku hiyo, na mimi sikuweza kumnyang'anya.

Vita vikasogea, nikarudi Majengo na diski yangu, nikakuta studio imesimama na kiti changu kimeondoka. Haukupita muda Mama Masika akaja mjini kunitafuta, na binti yake mdogo, Kahindo. Kahindo alikuwa amepata mchumba, kijana fundi wa viatu, mpole, ambaye alikwisha kumjua tangu Kiwanja. Arusi imepangwa. Kikwazo kilikuwa baraka. Kwao binti hatoki nyumbani bila mkono wa baba kichwani na maneno ya baba masikioni. Baba akiwa hayupo, mdogo wake baba ndiye anasimama. Na huyo mdogo wake alikuwa Baba Mudogo Kambale, mtu ambaye hakumpenda fundi viatu, na ambaye akishika kipaza sauti hakiachi mpaka mafuta ya jenereta yaishe.

"Atasema yote," Kahindo aliniambia. "Atasema mbele ya batu kama bwana yangu anashonaka viatu ya wengine na yeye mwenyewe iko na kandambili. Mama Neema, niko nataka baraka ya papa. Papa alimubarikia Masika, iko mule ndani. Alisema neno ya sisi wote wawili, nilisikia. Utoe ile kipande tu."

Familia ilikuwa imekubaliana hivi: kama filamu itamwonyesha Paluku akibariki, Baba Mudogo atabaki kitini. Kama haitacheza, atasimama yeye. Nikamwambia Kahindo aende akajaribu shela yake, hii kazi ni ya kunywa chai.

Mama Masika akakaa nyuma yangu kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikafungua. Papa Paluku huyo, mrefu, kofia mkononi, anamsogelea Masika aliyepiga magoti kwenye mkeka. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa. Na hapo picha ikaganda. Sauti nayo ikafa.

Nikangoja kidogo, nikasimamisha. Nikarudia, ikaganda palepale. Ile hesabu ya muda chini ilikuwa inakimbia, lakini hiyo haikunishangaza, mara nyingi hesabu inakimbia na picha imelala. Nikaangalia waya. Nikapuliza vumbi. Nikafuta kashe, nikashusha ubora mpaka watu wakawa kama uji, nikaiondoa kadi ya picha kazini, ubongo wa mashine wenyewe ubebe mzigo wote. Palepale. Nikatengeneza nakala nyepesi, palepale. Nikaibeba mpaka kwa jirani wa saluni, ambaye siku hizo alikuwa na kompyuta yake ya kuchezea muziki, na wasukaji wote wakashuhudia: mkono juu ya kichwa, halafu kimya.

Basi sheria ni sheria. Faili limeoza. Nilimfikiria Kambale anavyosafisha koo.

Lakini mimi si wa kushindwa mapema. Nikaruka mbele, sehemu baada ya sehemu, na loo! Papa Paluku yupo, anasema, sauti safi, maneno yote kamili! Nikapiga makofi peke yangu. Kipande kibovu kilikuwa katikati tu. Nikakikata, nikaunganisha mkono na maneno, na pale penye jeraha nikapitisha njiwa weupe wawili na mioyo myekundu inayopanda, kama ilivyokuwa mtindo. Nikamgeukia Mama Masika, najiona bingwa wa Kivu nzima.

Akatazama mpaka mwisho. Hakulia, hakucheka.

"Huyu hapana Paluku," akasema.

"Mama, ni yeye. Si unamwona?"

"Uso ni yake. Mais Paluku hasemake mbio vile. Mukono umefika na maneno inatoka pale pale? Nani alikuwa anamufukuza? Na hii njiwa inatoka wapi? Kwetu hakukuwa njiwa."

Nikamweleza habari za faili kuoza, kwa upole, kama daktari. Akasikiliza yote. Halafu akaniambia nirudishe kile kipande kibovu, na nitoe mkono kwenye mashine.

"Weka mukono pa magoti, mama. Kama kanisani."

Mimi na subira hatujawahi kula sahani moja, lakini nikaweka. Picha ikafika pale, ikasimama. Papa Paluku, mkono, kichwa cha Masika. Kimya. Mkono wangu ukataka kuruka, naye akaushika. Tukakaa. Nikaona aibu kwa ajili yake, kwamba mama wa watu anaitazama picha iliyokufa. Kisha, chini kwenye kona, akaingia kuku.

Kuku mwekundu. Akatembea taratibu, akadonoa karibu na kiatu cha Papa Paluku, akamtazama usoni kama anayeuliza "na wewe vipi?", akapita zake. Nikapiga kelele. Nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, na hapo nikaona kile ambacho ningeweza kukiona tangu mwanzo: kidole gumba cha yule mzee kilikuwa kinatembea juu ya kitambaa cha binti yake, polepole, kwenda na kurudi. Nikatazama alama za sauti. Hazikulala chini. Zilikuwa zinatetemeka, kidogo sana, maana hata watu walionyamaza wanapumua.

"Haikubloke, mama, haikuganda," Mama Masika akasema. "Ni Paluku. Njo vile alikuwaka. Hata siku ya kuniposa, baba yangu alifikiri ni bubu."

Kwao, aliniambia, baba akiweka mkono hakuna anayetikisika, hata watoto wachanga wananyonyeshwa wasilie, mpaka baba aseme. Wababa wengine wanasema upesi. Yeye alikuwa anatafuta neno, na neno kwake lilikuwa linatoka mbali. Na Papa Ladislas, ambaye alichukia picha inayotetemeka kuliko njaa, alikuwa ameikaza kamera kwenye miguu yake mitatu, akaenda kando. Basi nilikaa na mtu mzima, hai, anayempenda binti yake, nikampulizia vumbi. Tulicheka mpaka Mama Masika akaanguka kwenye ndoo, na pale chini kicheko kikageuka, akamlilia mumewe, nami nikalia naye, njiwa na mioyo yangu wakitungoja kwenye kioo. Nikawafuta.

Siku ya arusi, ukumbi wa parokia Majengo ulijaa mpaka madirishani. Shuka jeupe lilining'inia toka jukwaani mpaka sakafuni, jenereta linanguruma nje. Baba Mudogo Kambale alikaa mbele, koti limefungwa vifungo vyote, midomo inajizoeza. Fundi viatu alikuwa amevaa viatu vipya alivyojishonea, masikini, na jasho linamtiririka.

Bwana wa protokole, mwendesha sherehe, akatangaza, nikawasha projekta. Papa Paluku akatokea, na ukumbi ukaguna kwa uchungu, maana wengi walikuwa wa Kiwanja. Akanyoosha mkono, akauweka. Kimya.

Mnajua Goma. Hatuna uvumilivu na mashine.

"Imebloke!" mmoja akasema.

"Muangalie waya!"

"Ni jenereta!"

Bwana wa protokole akaja mbio kuelekea meza yangu, mikono mbele. Baba Mudogo Kambale akasimama, akanyoosha koti, akakohoa kile kikohozi chake. Mimi nikausimamia waya, nikatanua kitenge changu kama kuku anayelinda vifaranga. Nikamwambia protokole akigusa tu atajua kwa nini vita hutukimbia sisi wanawake wa Majengo. Na kuku, Mungu ambariki, akaingia.

"Kuku!" mtoto akapiga kelele. Ukumbi ukacheka, ukaelewa, ukanyamaza. Nikasikia watu wanavyovutana wakae chini. Hakuna aliyetikisika tena, kama ilivyotakiwa.

Hapo ndipo Kahindo alipoinuka kwenye kiti chake. Akaenda peke yake mpaka kwenye shuka, akapiga magoti mbele ya dada yake wa kwenye picha, akainamisha kichwa. Mwanga ukamwangukia. Ule mkono wa baba yake ukaacha shuka, ukawa juu ya shela yake, na kidole gumba kikawa kinatembea pale, kwenda na kurudi. Nilikuwa nimeiona picha ile mara nyingi kuliko mtu yeyote, na hiyo sikuwa nimeiona.

Papa Paluku akapata neno lake.

"Enda, mutoto yangu. Mulango ya kwangu haina kufuli. Nabariki wewe, na ule mwenye atakufuata, na mwanaume mwenye atamuchagua."

Basi, hayo tu. Picha ikaisha, shuka likabaki jeupe. Baba Mudogo Kambale alikuwa bado wima. Akatazama shuka, akamtazama fundi viatu, akafungua kifungo kimoja cha koti na kukaa.

Kahindo hakuinuka. Alibaki pale chini kwenye mwanga, kichwa kimeinama, mikono pa magoti, hatikisiki. Watu wakangoja. Bwana wa protokole akanisogelea polepole, jasho usoni, akaninong'oneza:

"Mama Neema, sasa njo imebloke?"

"Acha," nikamwambia. "Inacheza."